Una Deni na Likizo Imekaribia: Uende au Ubaki?

Mwezi wa saba tulikaa na wateja wetu Jumamosi mbili, moja Ruiru na nyingine Thika, kuzungumzia mikopo ya simu. Tulijiandaa kwa maswali tunayoyajua: PIN iliyosahaulika, makato ambayo mtu haelewi, pesa iliyoenda kwa namba ya mtu mwingine. Lakini swali lililotuweka pale Ruiru hadi chai ikapoa halikuwa kwenye karatasi yetu. Dada mmoja wa Kimbo, keshia wa supamaketi, aliinua mkono akauliza: "Mtu akiwa na deni, anaruhusiwa kwenda likizo?"

Watu walicheka, naye pia akacheka, lakini alikuwa anauliza kwa dhati. Alikuwa ameahidi watoto Mombasa mwezi wa nane. Mume wake ni mtu wa boda. Walikuwa wameweka akiba ya shilingi 16,000 na wakati huohuo walikuwa na madeni matatu. Kila akifungua simu kuangalia ile akiba, anasikia kama ameiba.

Sisi tulikuwa na jibu letu tayari, lile ambalo kila mtu wa mambo ya fedha hulitoa: lipa deni kwanza, safari baadaye. Tulilisema kwa ujasiri kabisa. Wiki iliyofuata, pale Thika, mzee mmoja wa Makongeni akatufanya tulifikirie upya.

Tulipomsimulia kuhusu swali la Ruiru, alitueleza kwamba alichukua mkopo wa sacco wa miezi 48 kununua kiploti. Tangu siku hiyo aliamua hakuna kusafiri mpaka amalize. Desemba ya kwanza hakwenda kwao Kakamega. Ya pili pia hakwenda, akatuma pesa ya sikukuu kwa simu. Mwezi wa tatu uliofuata alienda, lakini alienda kumzika mama yake, na nauli na mchango wa mazishi vilitoka kwenye mkopo wa simu aliochukua usiku uleule wa habari. "Nilikuwa nangoja deni liishe," alisema. "Deni bado liko."

Hatukuwa na la kumjibu.

Kwa hivyo tulirudi ofisini tukakaa na hilo swali vizuri. Tuliyoafikiana ni kwamba "lipa deni kwanza" ni ushauri mzuri kwa aina fulani ya deni na mbaya kwa aina nyingine, na watu wengi wa Thika na Ruiru wanabeba aina zote mbili kwa wakati mmoja. Kabla ya kuuliza kama uende, uliza safari itachelewesha deni gani, na huko kuchelewa kutakugharimu pesa ngapi.

Tuchukue hesabu ya yule dada, kwa ruhusa yake.

Deni la kwanza ni la sacco, limebaki 84,000, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Linakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. La pili ni pikipiki ya mume wake, wanayolipia 450 kila siku, Jumapili ikiwemo. La tatu ni mkopo wa simu, 12,000, ambao wamekuwa wakiulipa na kuuchukua tena kila mwezi tangu shule zifunguliwe Januari. Ada yake ni kama asilimia 8 kwa mwezi.

Hebu angalia shilingi 12,000 hizohizo zikiwa mahali pawili tofauti. Zikikaa kwenye deni la sacco mwezi mmoja zaidi, zinakugharimu 120. Zikikaa kwenye mkopo wa simu mwezi mmoja zaidi, zinakugharimu 960. Shilingi 120 ni mkate na maziwa. Shilingi 960 kila mwezi, kwa mwaka, ni 11,520, yaani karibu ulipe ule mkopo wote mara ya pili na bado uwe nao.

(Hapa watu wengi hudanganywa na namba. Hustler Fund, tangu ilipozinduliwa Novemba 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka. Mikopo mingine ya simu hutoza namba inayofanana na hiyo lakini kwa mwezi. Ukisoma "8%" usiishie hapo, tafuta neno linalofuata.)

Sasa safari yenyewe. Treni ya SGR, tangu nauli ipandishwe Januari 2024, ni 1,500 kwa mtu mzima daraja la kawaida, Nairobi hadi Mombasa. Watoto wao wawili bado wako kwenye umri wa nusu nauli. Kwenda na kurudi ni 9,000. Chumba cha kawaida cha 2,500 kwa siku tatu ni 7,500. Chakula waliweka 6,000. Matatu za kutoka Ruiru hadi stesheni kule Syokimau, na zile za kutoka Miritini hadi mjini na kuzunguka, 3,000. Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu, hiyo angalau. Na 2,500 ya "huwezi jua". Jumla 28,000.

Walikuwa na 16,000, na mpango wao ulikuwa kuongeza mkopo mwingine wa simu wa 12,000.

Kuna gharama moja haikuwa kwenye orodha yao, nasi hatungeiona kama mume wake hangekuwa pale. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka. Dada akienda likizo, mshahara unaingia kama kawaida. Mtu wa boda hana hiyo. Siku nne Mombasa ni siku nne bila kuwasha pikipiki, na kwake hiyo ni kama 1,000 kwa siku baada ya mafuta. Na ile 450 ya pikipiki haijui kama uko ufuoni. Kwa hivyo safari haikuwa ya 28,000, ilikuwa ya 32,000. Kama unauza mboga, unashona, unaendesha tuktuk au una kibanda, fanya hesabu hii kwanza kabla hata ya nauli.

Sheria hiyohiyo ina kifungu kingine ambacho ni vizuri ukijue: makato yote kwenye mshahara wako yasizidi theluthi mbili, ubaki angalau na theluthi moja mkononi. Lakini kifungu hicho kinalinda payslip tu. Mkopo wa simu haupiti kwenye payslip. Unaweza kukuta mtu ambaye mwajiri amemkata kisheria kabisa, halafu ile theluthi aliyobakishiwa inaondoka kwa simu siku hiyohiyo ya mshahara.

Pale Ruiru tulimwambia yule dada asiende Mombasa mwezi wa nane. Bado tunasimama hapo, lakini sababu imebadilika. Wakati ule tulisema hivyo kwa kuwa ana deni. Sasa tunasema hivyo kwa kuwa zaidi ya theluthi moja ya safari ingelipiwa na deni la 960 kwa mwezi, juu ya lingine la 960 kwa mwezi. Angekuwa na lile la sacco peke yake, linalokatwa kila mwezi bila kuchelewa, na 32,000 mkononi, tungemwambia akate tiketi. Mtu hawezi kuishi miezi 48 bila kupumzika wala kuona kwao eti kwa sababu ya shilingi 120.

Usichezee la sacco, lakini

Tukisema deni la sacco ni la bei nafuu, hatumaanishi liruke mwezi. Ukiruka, hauumii peke yako. Kuna watu walioweka sahihi kukudhamini, na akiba yao ndiyo sacco itaigeukia ukishindwa. Mara nyingi ni wenzako wa kazini au jirani wa mtaa huohuo. Watu wamekosana Ruiru hapa, hawasalimiani stejini, kwa sababu mmoja aliweka picha za Diani kwenye status ilhali mdhamini wake alikuwa amepigiwa simu na sacco wiki hiyo. Ukienda ukiwa umelipa ya mwezi huo, weka picha zako bila wasiwasi. Kama hujalipa, mpigie mdhamini wako kabla hajasikia kutoka kwa mtu mwingine. Deni la chama ni vilevile, tena pale huna hata barua, una uso wako tu.

Mtego wa kufuliza ukiwa safarini

Hili tunaliona sana Aprili, Agosti na Desemba. Mtu anasafiri akiwa na ovadrafti kwenye laini yake. Tangu Fuliza iingie 2019 watu wamezoea kumalizia malipo hata salio likiwa halitoshi, mpaka neno "kufuliza" likawa neno la kawaida. Utaratibu wa ovadrafti ni kwamba pesa yoyote itakayoingia kwenye laini hiyo inalipa deni kwanza. Nyumbani hilo halikusumbui sana. Lakini umekwama Mombasa, umempigia kaka yako akutumie 2,000 ya kurudi, anatuma, na kwenye simu yako inabaki 140. Kaka anasema ametuma, wewe unasema haijafika, na wote mnasema ukweli.

Kwa hivyo maliza ovadrafti kabla ya kupanda gari, hata kama hutalipa kitu kingine chochote. Ikishindikana, pesa ya kurudi isiwe kwenye laini hiyo. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi pamoja. Ya SGR unaikata kwa simu, *639#, na mapema ni bora, maana karibu na sikukuu hujaa.

Ushago nayo?

Wengi waliotusikiliza Thika hawakuwa na habari ya Mombasa. Likizo yao ni moja, Desemba, kwenda nyumbani. Na nyumbani hauendi kuogelea. Kuna unga, sukari, mafuta, leso ya shosho, mtoto wa ndugu anayengoja viatu, na wazee wa kijiji wanaojua umetoka mjini. Nauli yenyewe hupanda kuanzia katikati ya mwezi. Halafu unarudi Januari na shule zinafunguliwa wiki ya kwanza ama ya pili, karo, sare, vitabu, na landlord hajui kulikuwa na Krismasi.

Kwa safari hii tunashauri ufanye jambo moja ambalo litakusumbua roho: toa pesa ya Januari kabla ya kugusa ya Desemba. Karo na kodi ya Januari ziweke mahali ambapo huwezi kuzifikia kwa urahisi, akiba iliyofungwa au hata kulipa shule mapema. Kitakachobaki ndicho cha safari. Kikiwa kidogo, punguza zawadi kabla hujapunguza safari. (Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo, na kila ukituma pesa nyumbani badala ya kwenda, sisi tunapata ada. Bado tunasema nenda.) Mzee wa Makongeni alituambia kitu hapa pia: ile pesa ya sikukuu aliyotuma Desemba ya pili ilizidi nauli ambayo angelipa. Mama yake, akasema, aliipokea akauliza kama yuko mgonjwa.

Na kama Januari haitoshi hata kabla ya kuanza kuhesabu nauli, basi sema hivyo nyumbani mapema, mwezi wa kumi na moja, si tarehe 23. Enda Februari au Aprili nauli ikiwa imeshuka. Mzazi hana neno na tarehe.

Turudi Kimbo. Yule dada na mume wake walichukua 12,000 kutoka kwenye ile akiba wakamaliza mkopo wa simu, na safari hii hawakuuchukua tena. Zikabaki 4,000. Jumapili moja ya mwezi wa nane walipanda matatu hadi Thika, wakaunganisha ya njia ya Garissa, wakaenda Fourteen Falls kwenye Mto Athi, karibu na Donyo Sabuk. Chapati na soda walitoka nazo nyumbani. Siku nzima haikufika 3,000, nauli ikiwemo, na boda ililala siku moja tu. Mtoto mdogo aliuliza kama hiyo ndiyo bahari.

Mombasa wameihamisha hadi Agosti ijayo. Wanaweka 600 kila Jumatatu, kwa laini ya mume ambayo haina ovadrafti, na kwa wiki 47 hiyo ni 28,200. Siku nne za boda watazitafutia kando. Mkubwa tayari amemwambia mdogo wake nani atakaa dirishani.