Si kila anayeugua akili ni kichaa

Lugha yetu si maskini wa majina ya magonjwa. Pumu, kifafa, kisukari, surua: kila ugonjwa tumeupa jina lake. Lakini ugonjwa ukigusa akili, wengi wetu tunabaki na neno moja tu, kichaa. Jirani akibadilika kidogo, utani wa mitaani ni kwamba apelekwe Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927. Mazungumzo ya wiki hii yanahusu maneno, kwa sababu jina baya huchelewesha tiba.

Tuanze na nafsi. Shuleni tulifundishwa kuwa "mimi" ni nafsi ya kwanza. Wataalamu wa saikolojia nao hulitumia neno hilo kwa maana ya vile mtu anavyojijua na kujiona. Kujiamini ni kuona kwamba jambo fulani utaliweza. Kujithamini ni kuona kwamba una thamani hata pale jambo lilipokushinda. Mtu aweza kuwa na la kwanza akalikosa la pili, na ndiyo maana wapo mahodari wa kazi wanaojichukia moyoni.

Nafsi hupata habari za dunia kupitia milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Milango huleta habari, ubongo huzifasiri, na fasiri yaweza kukosea. Abiria wa adhuhuri huona maji juu ya lami, basi likifika hakuna kitu. Hayo ni mazigazi. Hewa ya moto juu ya barabara imepinda mwanga wa anga, na kila aliye ndani ya basi anaona vilevile.

Maruerue ni jambo jingine. Hapo mtu husikia sauti ikimtukana ilhali chumba ki kimya, na kwake sauti hiyo ni ya kweli kama hii yangu redioni. Kumwambia aache uongo hakusaidii, maana hasemi uongo. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani. Huenda ni mlevi wa siku nyingi aliyeacha pombe ghafla. Huenda ni ugonjwa wa skizofrenia. Kwa hiyo apelekwe hospitali apimwe, asifungwe kamba. Dawa za kutuliza sauti hizo zilianza kutumika miaka ya 1950, na anayetibiwa mapema kwa kawaida hupata nafuu zaidi.

Sasa tuje kwenye sonona, ambayo wengi huichanganya na msongo wa mawazo. Msongo hutokana na mzigo, kama vile ada ya watoto au kodi ya nyumba. Mzigo ukitua, mtu hupumua. Sonona yaweza kubaki hata mzigo ukitua. Daktari hutazama kama hali imedumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi: kutopendezwa na lolote, usingizi kuharibika, chakula kutolika, kujilaumu, kuwaza kifo. Mgonjwa huyu hatupi mawe wala haokoti makopo. Huenda kazini na hucheka na wenzake. Kwa kuwa hafanani na yule tunayemwita kichaa, hatumwoni. Akisema amechoka kuishi, tunamwambia ajikaze au azidishe sala. Sala ni njema, nayo haimzuii mtu kwenda kwa daktari. Anayesema maneno hayo asiachwe peke yake. Asindikizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaitaja afya ya akili bega kwa bega na ya mwili. Nasi tufanye hivyo majumbani mwetu. Siku utakaposikia kijana wa nyumba ya pili anazungumza peke yake usiku, usiulize nani kamroga. Uliza ameanza lini, na amepimwa wapi.