Safari ya Kijana wa Makao ya Watoto Kuelekea Chuo Kikuu: Mfano wa Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtoto mkaidi. Hata hivyo, wapo watoto ambao hawakuwahi kuyakataa mafunzo ya mama. Mama mwenyewe ameaga dunia, au hajulikani aliko, au hakujaliwa uwezo wa kuwalea. Kwao methali hiyo si onyo bali ni maelezo ya hali yao halisi, na swali linalobaki ni hili: ulimwengu huo unaowafunza ni nani hasa, nao utawafunza hadi lini?

Makala haya yananuia kufafanua jinsi swali hilo linavyojitokeza pale kijana aliyelelewa katika makao ya watoto jijini Nairobi anapomaliza kidato cha nne na kutaka kujiunga na chuo kikuu. Hoja kuu ni kwamba mtihani si kikwazo cha pekee. Taratibu za elimu ya juu zimejengwa juu ya dhana kwamba nyuma ya kila mwanafunzi ipo familia. Asiye na familia hiyo hukwama mahali ambapo wenzake hupita bila hata kutambua kwamba pana mlango.

Malezi Mbadala na Ukomo Wake

Malezi mbadala ni malezi anayopewa mtoto asiyelelewa na wazazi wake. Huenda akalelewa na jamaa, na mlezi aliyeidhinishwa kisheria, au katika makao. Nchini Marekani na Uingereza, wengi wa watoto walio chini ya uangalizi wa serikali hukaa na familia za walezi. Nchini Kenya, mtoto aliyekosa jamaa wa kumchukua amezoea kupelekwa makaoni. Upande wa magharibi wa Nairobi una makao mengi ya namna hiyo, kuanzia Kawangware na Dagoretti hadi Karen na Kikuyu.

Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001, pamoja na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake, humtambua mtoto kuwa mtu ambaye hajafikisha umri wa miaka 18. Sheria ya 2001 iliipa mahakama uwezo wa kurefusha wajibu wa mzazi au mlezi kupita umri huo palipokuwa na sababu maalumu, lakini jambo hilo lilihitaji kuombwa, na si kila kijana aliye na mtu wa kumwombea. Sasa, mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na asikatize masomo, humaliza shule ya sekondari akiwa na miaka 18 hivi. Yaani, saa ile ile ambapo mlango wa chuo kikuu unakaribia kufunguliwa, ndipo mlango wa makao unapofungwa. Aliyechelewa kuanza shule, na wengi wa watoto hawa huchelewa, hufikisha umri huo akiwa bado darasani.

Makao yenyewe hayakuanzishwa kwa kufikiria chuo kikuu. Mfano bora ni Nyumbani, yaliyoasisiwa mwaka wa 1992 na Padri Angelo D'Agostino na ambayo yako Karen. Yaliundwa kuwahifadhi watoto waliozaliwa na virusi vya Ukimwi na kuachwa, wakati ambapo haikutarajiwa kwamba wengi wao wangeishi miaka mingi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipopatikana, watoto wakakua. Ikabidi makao hayo yaishtaki serikali ili watoto wao wakubaliwe katika shule za umma, na mwaka wa 2004 shule zikawafungulia milango. Makao yaliyokuwa yakijiandaa kwa mazishi yalilazimika kujiandaa kwa karo. Mabadiliko hayo ya fikra, kutoka kumwokoa mtoto hadi kumwandaa mtu mzima, ndiyo ambayo makao mengi bado hayajayakamilisha.

Kikwazo cha Karatasi

Katikati ya jiji, kando ya barabara ya University Way, limesimama jengo la Anniversary Towers, zilipo ofisi za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo karibu, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa kijana wa makao, hata hivyo, umbali kati ya majengo hayo mawili hupimwa kwa karatasi.

Anayeomba mkopo huulizwa habari za wazazi wake. Wakiwa hai, hutakiwa nakala za vitambulisho vyao. Wakiwa wamefariki, hutakiwa vyeti vya vifo. Hutakiwa pia wadhamini. Kitambulisho chake mwenyewe nacho huombwa kwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa na stakabadhi za wazazi. Mchukulie kijana aliyeokotwa akiwa mchanga. Wazazi wake hawana vitambulisho vinavyoweza kutolewa nakala, wala hawana vyeti vya vifo, kwa kuwa hakuna ajuaye kama wako hai au wamekufa. Mbele ya fomu, kijana huyu si yatima wala si mwenye wazazi.

Katiba ya mwaka wa 2010 imelitambua tatizo hili kwa kiasi fulani. Ibara ya 14 inaeleza kwamba mtoto anayepatikana nchini, anayeonekana kuwa na umri wa chini ya miaka 8, na ambaye uraia na wazazi wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Haki ipo, ila haijiandiki yenyewe. Lazima mtu mzima aende kuomba cheti cha kuzaliwa kwa utaratibu wa uandikishaji uliochelewa, apate barua ya afisa wa watoto, na afuatilie.

Wasomaji wa riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora (1996) watamkumbuka Kongowea Mswahili, aliyefiwa na mama na kusafiri kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba. Wahakiki huisoma safari hiyo kama safari ya kujitambua. Kwa kijana wa makao, safari kama hiyo ina sura ya pili isiyo ya kisanaa: bila jina la mzazi, fomu haijazwi.

Pesa na Miezi ya Kungoja

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hutangazwa, kisha hupita miezi kadhaa kabla ya vyuo kuwapokea wanafunzi wapya. Mwenye kwao hurudi nyumbani, akala na kulala huku akingoja. Aliyetoka makaoni hukodi chumba Kawangware au Kangemi na kutafuta kibarua. Huko ndiko wengi wanakopotelea, si kwa kukosa alama, bali kwa sababu kodi ya nyumba haingoji barua ya chuo.

Hata akifika chuoni, yapo mambo ambayo hakuyazoea. Makaoni chakula kilipikwa, sabuni iligawiwa, na saa ya kulala ilipigiwa kengele. Chuoni hupokea fedha za matumizi kwa mkupuo na kutarajiwa zimtoshe muhula mzima. Muhula ukiisha na mabweni yakifungwa, swali la “unaenda wapi?” ambalo wenzake hulijibu kwa utani, yeye hulikwepa.

Namna ya Kuwaandaa

Maandalizi yanayofaa huanza mapema, mtoto akiwa na miaka 14 au 15. La kwanza ni stakabadhi: cheti cha kuzaliwa kipatikane kabla ya kidato cha nne, na kitambulisho kiombwe mara tu atimizapo miaka 18. La pili ni kumshirikisha katika maisha ya kila siku: kupika, kununua sokoni, kupanga bajeti, kwenda ofisi za umma. Starehe, shule iliyoanzishwa mwaka wa 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa ajili ya wavulana waliokosa makazi, ilielewa jambo hili mapema kwa kuwapeleka wanafunzi wa madarasa ya juu kujitolea maofisini na hospitalini wakati wa likizo. Kijana alimaliza shule akijua jinsi ofisi inavyofanya kazi.

La tatu, na ndilo gumu zaidi, ni mtu wa kudumu. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, wa mwaka wa 2009, unahimiza kijana apewe mtu maalumu wa kumsaidia anapoanza kujitegemea. Mtu huyo anaweza kuwa shangazi aliyetafutwa na kupatikana, mwalimu wa zamani, au mwenzake aliyemtangulia. Waliolelewa makaoni nchini wameunda chama chao, KESCA, na ushauri wa aliyepitia njia hiyo una uzito ambao barua ya ofisi haina.

Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unakusudia kuwahamisha watoto kutoka makaoni na kuwarejesha katika familia na jamii. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, kijana wa miaka 17 anayerudishwa kwa nyanya asiye na kipato atahitaji msaada wa karo umfuate huko. La sivyo, atakuwa amepata familia na kupoteza chuo.

Nafasi ya Walimu na Wanafunzi wa Kiswahili

Wengi wanaosoma Kiswahili vyuoni huishia kuwa walimu. Mwalimu anayetoa insha ya “Likizo niliyoifurahia nyumbani” afahamu kuwa darasani huenda yumo asiye na nyumbani pa kusimulia, na aandae mada ya pili. Vyama vya Kiswahili navyo vinaweza kuzuru makao ya karibu, si kwa kupeleka unga na kupiga picha tu, bali kwa kuwafunza watahiniwa fasihi na insha, na kuwasaidia kuzielewa fomu ambazo wanachama wenyewe walizijaza juzi tu.

Hitimisho

Imebainika kwamba kufaulu kwa kijana wa makao katika elimu ya juu hutegemea mambo matatu ambayo familia huyatoa bila kuyahesabu: jina lililoandikwa, mahali pa kungojea, na mtu wa kumpigia simu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji maajabu. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono inayohitajika hapa ni ya mwalimu, chifu, afisa wa watoto, na mwanafunzi aliyetangulia. Ikiwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, basi hao ndio ulimwengu wenyewe.