Ukiseti injini Dar, Dodoma itakuumbua

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

TIMU ikitoka Dar es Salaam kuja kuwavaa Walima Zabibu, Dodoma Jiji, kwenye dimba la Jamhuri, inapanda zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Huku kila pumzi ina hewa pungufu kwa takribani asilimia 12. Mchezaji atahema, atajituma, mwisho atazoea. Injini ya ndege haijui kujituma. Ikikosa hewa, nguvu inakata.

Leo tuhame uwanja kidogo. Chukulia umefunga kwenye ndege ndogo injini ya rotari, mtindo wa Mjerumani Felix Wankel, ambao Mazda iliutumia kutwaa Le Mans mwaka 1991. Haina pistoni wala valvu. Ndani kuna pande la chuma la pembetatu linalozunguka. Ni nyepesi, ndiyo maana baadhi ya wanaojiundia ndege zao wanaipenda.

Sasa irushe kutoka Dodoma mchana wa joto la nyuzi 31. Hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona ipo karibu mita 2,000. Dawa yake ni turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa ndani ya injini. Nguvu inarudi, ila kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hewa ikiongezeka, mafuta lazima yafuate. Kwa kawaida petroli huungua vizuri kilo moja kwa kilo 14.7 za hewa. Turbo ikishindilia, mafundi hushuka hadi kilo 12 au 11 za hewa, yaani mafuta yanazidishwa ili yapooze moto.

Kontroli boksi husoma presha na joto la hewa, kisha huamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Lakini huku juu turbo hukimbia zaidi kufikisha presha ileile ya Dar, na hewa hutoka ya moto zaidi. Hivyo hufungwa intakula ya kuipooza, na seti hupimwa upya. Unaanza na presha ndogo na mafuta mengi, unatazama joto la ekzosi, unapunguza kidogo kidogo.

Ukibana mafuta kupita kiasi, yanalipuka kabla ya wakati. Rotari ina sili nyembamba kwenye ncha zake tatu. Zikivunjika, kompresheni imekwenda, na vipande vyake vinaweza kuiua turbo pia.

Wewe unayepandisha na Subaru ya turbo kupitia Morogoro kuishangilia timu yako, somo hili ni lako pia. Tofauti ni kwamba gari likinoki utapaki pembeni umpigie fundi.

Kocha akikosea kikosi, anafanya mabadiliko. Ndege ya injini moja ikizima juu ya Bahi, haina benchi.