RISASI ZA MANZA: MIKONO YETU KATIKA VITA VYA WENGINE

Ghuba ya Manza, iliyo kaskazini ya mji wa Tanga katika wilaya ya Mkinga, ni mahali pa mikoko, dau na nyavu. Msafiri apitaye huko haoni jambo la kumsimamisha. Hata hivyo, mwaka 1915 ghuba hiyo ilikuwa mlango wa kazi moja ya mikono ambayo haina mfano katika historia ya pwani yetu: kazi ya kuzifungua risasi moja moja, kuchagua sehemu zake zilizo nzima, na kuziunga upya kwa mkono. Tunapenda leo kuieleza kazi hiyo kwa wananchi wa visiwa na mwambao, na kwa viongozi wenye dhamana ya kuutunza urithi wetu, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo ambayo hayajapitwa na wakati.

Kwanza inafaa msomaji afahamu risasi ni kitu gani. Katika lugha yetu neno hili, lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni madini yale mazito ya kijivu yayeyukayo upesi motoni. Baadaye watu wakalitumia kwa kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Lakini kitu hicho kizima, kiwe cha bastola au cha bunduki ya vita, ni mkusanyiko wa vitu vinne. Kuna ganda la shaba nyeupe au la njano, ambalo ndilo chombo cha kuvishika vyote. Kuna fataki kitakoni, iliyo ndogo kama punje ya mtama, ambayo hugongwa na kutoa cheche. Kuna baruti, ambayo huwaka na kuzaa moshi na nguvu. Mwisho kuna kichwa chenyewe, ambacho husukumwa na nguvu hiyo. Kimoja kikiharibika, vingine vitatu havina kazi. Aungaye risasi kwa mkono hana budi kuvijua vyote vinne, wala hawezi kukitegemea kimoja akakisahau kingine.

Pwani ya Tanga ilikuwa imekwisha kuona tofauti iletwayo na baruti pekee. Katika vita vya Tanga vya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, Waingereza walishusha jeshi la watu wapatao elfu nane kutoka Bara Hindi, nao wakashindwa na kikosi cha Wajerumani kilichokuwa na watu wapatao elfu moja tu. Wengi wa askari wa upande wa Wajerumani walikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Baruti hiyo ilitoa wingu la moshi kila mlio, na wingu lile lilimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Askari mwenye baruti isiyo na moshi aliweza kujificha. Mwenye baruti nyeusi alijitangaza mwenyewe. Ushindi ule uliwaachia Wajerumani bunduki, bombomu na risasi kwa malaki zilizotupwa na Waingereza ufukoni. Lakini akiba hiyo isingetosha, kwa maana bahari yote ilikuwa mikononi mwa manowari za Kiingereza.

Ndugu zetu wa Unguja wanaukumbuka upande wa pili wa habari hii. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mlango wa mto Rufiji. Waingereza waliiteka Mafia mwezi Januari 1915 ili wapate mahali pa kuivizia. Huko Ulaya, serikali ya Kijerumani ikatayarisha meli ya kuipelekea makaa. Meli hiyo ilikuwa Rubens, mali ya Waingereza iliyonaswa Hamburg vita vilipoanza. Ikapakwa sura ya meli ya Denmark, ikapewa jina la Kronborg, na mabaharia wake wakachaguliwa miongoni mwa watu wajuao Kidenmark. Pamoja na makaa ilibeba silaha: bunduki zipatazo 1,800 za mtindo mpya na risasi kwa mamilioni. Iliondoka Ujerumani mwezi Februari 1915, ikaizunguka Afrika yote kwa upande wa kusini.

Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifumania karibu na pwani ya Tanga. Nahodha wake, Carl Christiansen, akaikimbiza ndani ya ghuba ya Manza, akaikalisha mahali penye maji haba na kuifungulia maji, huku mbao zilizokuwa juu ya sitaha zikiwaka moto. Waingereza walipouona moto ule waliamini kwamba kazi imekwisha, wakaenda zao. Kumbe shehena iliyokuwa chini haikuungua. Ilikuwa imelowa tu. Wapiga mbizi wakaingia tumboni mwa meli, makasha yakapandishwa juu moja baada ya jingine, na wapagazi wakayachukua kuyapeleka bara, ambako reli ya Usambara ilikuwa imekwisha kufika Moshi kabla ya vita.

Hapo ndipo ilipoanza taabu ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Maji ya chumvi si maji ya mvua. Hupenya mahali kichwa kinapokutana na ganda, na mahali fataki ilipokazwa kitakoni. Yakisha kuingia, huanza kula. Ganda huota kutu ya kijani, unga wa fataki hupoteza ukali wake, na baruti hushikana na kufifia. Jambo la hatari zaidi ni kwamba uharibifu huo hauonekani kwa nje. Risasi iliyojaribiwa wiki ya kwanza ikalia, wiki ya sita huenda isilie. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba risasi zisizolia zilizidi kuongezeka kadiri siku zilivyopita, mpaka ikawa hapana njia ila kuzifungua zote.

Kazi hiyo ilifanywa Moshi. Kwa muda wa miezi kadhaa, tangu asubuhi hata jioni, askari na wafanyakazi wa Kiafrika walikaa wakizifungua risasi zilizotoka Manza. Kichwa kiling'olewa, baruti ikamwagwa na kusafishwa. Fataki iliyokufa iliondolewa, ikawekwa nyingine. Fataki mpya hazikutoka kiwandani. Zilikuwa za mitindo mingine, zilizokusanywa humu humu nchini. Kisha baruti ikarudishwa na kichwa kikakazwa tena. Mtu aliyewahi kuunga kitu chochote kwa vipande visivyozaliwa pamoja ataelewa ugumu wa jambo hilo. Fataki ya mtindo mwingine haikukusudiwa kwa ganda hilo wala kwa baruti hiyo, na kila risasi iliyotoka mkononi ilikuwa na shaka yake.

Shaka hiyo ilipimwa, wala haikufichwa. Risasi zilizounganishwa upya zilijaribiwa kwa mafungu. Fungu ambalo katika kila mia lilikosa kulia mara kama ishirini hivi liliwekwa kwa ajili ya vita. Fungu lililokosa zaidi ya hapo lilipelekwa katika mafunzo ya shabaha. Na zile chache ambazo hazikuguswa na maji zilitengwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Sababu ya mgawanyo huo ni wazi. Mwenye bunduki ya mkono, risasi yake ikigoma, huvuta komeo akaitupa na kuweka nyingine. Bombomu hujilisha kwa nguvu ya risasi inayolia. Risasi moja ikigoma, mtambo wote husimama.

Tuitazame hesabu hiyo kwa makini. Risasi iliyohesabiwa kuwa njema ya vita ilikuwa ile inayomwangusha askari mara moja katika kila mara tano. Askari wetu wa Kimanyema, Kisukuma na Kinyamwezi, na wengine wa makabila mbalimbali, walipelekwa mbele ya moto wakiwa na mali ya namna hiyo mikononi. Haya hayakuwa mapenzi yao. Vita vile vilikuwa vya mabeberu wawili wakigombania ngozi ya ng'ombe ambaye si wao, na ng'ombe mwenyewe alikuwa sisi.

Wapo wanaoisimulia habari ya Manza kwa kustaajabia werevu wa Wajerumani. Sisi hatuukatai werevu. Lakini tunauliza: ni vidole vya nani vilivyoifanya kazi ile? Ni mabega ya nani yaliyoyabeba makasha yale? Kazi ya kuchagua fataki, kupima baruti na kukaza kichwa ni kazi ya ufundi, inayotaka jicho, subira na uaminifu. Wazee wetu waliifanya kwa miezi, tena waliifanya vizuri kiasi cha kurefusha vita ambavyo vingekwisha mapema. Matokeo yake yanajulikana. Tanga ilichukuliwa na Waingereza mwezi Julai 1916, lakini vita viliendelea kusini hadi Novemba 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa njiani kwa homa, kuhara na njaa, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Unguja na Pemba waliochukuliwa na Waingereza. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam ndilo limebaki kuwa kaburi lao lisilo na jiwe. Ufundi wetu, ulipokuwa katika mamlaka ya mtu mwingine, ulitumika kutuua.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Ujuzi bila ya mamlaka juu ya ujuzi huo ni utumwa wenye mshahara mdogo. Leo risasi za Taifa hutengenezwa katika Shirika la Mzinga huko Morogoro, chini ya mamlaka ya nchi yetu wenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamzuia mtu asiye na kibali asitengeneze silaha wala risasi, na nchi za ukanda wetu zilifungamana katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuzuia silaha ndogo zisizagae. Wako wanaonung'unika kwamba masharti hayo ni mazito. Tunawajibu kwamba nchi iliyoonja mwaka 1915 ina haki ya kujua kila chembe ya baruti iko mkononi mwa nani.

Fundisho la pili linawahusu zaidi wenzetu wa Moa, Kwale, Kirui, Jambe na vijiji vyote vya mwambao. Baruti haikuondoka pamoja na Wajerumani. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1960, mlipuko wa wavuvi haramu umesikika katika maji yetu, na Tanga ilikuwa miongoni mwa pwani zilizopata sifa mbaya kwa jambo hilo. Operesheni za pamoja za vyombo vya dola zilizofanywa katika miaka ya kati ya 2010 na 2020 ziliipunguza sana sauti hiyo. Lakini tumbawe lililovunjwa kwa nukta moja halijengeki kwa umri wa mtu mmoja, na vijana waliopoteza viganja wangali wako vijijini. Wale wa Moshi walikuwa na mtu wa kupima na kutenga. Mlipuaji wa samaki hana mpimaji ila haraka yake. Naye pia, kama wale wa Moshi, mara nyingi anamfanyia kazi mtu mwingine: mwenye mtaji akaaye mjini, ambaye vidole vyake vyote kumi ni vizima.

Kwa viongozi tunalo la kusema pia. Tulifunzwa chuoni tukiwa wadogo kwamba mizani ni amana, na aipunguzaye ameidhulumu nafsi yake. Katika ile kazi ya Moshi, pamoja na ubaya wa kusudi lake, palikuwa na jambo moja la haki: fungu baya liliitwa baya. Halikuchanganywa na jema ili taarifa ipendeze. Je, sisi hufanya hivyo tunapopeleka taarifa za doria, za boti zisizo na mafuta, za vikundi vya ulinzi wa bahari vilivyobaki majina tu? Ofisa aandikaye kwamba pwani yake yote ni salama, ilhali anajua kuna ghuba mbili zisizofikika, amechanganya mafungu. Siku ya haja, risasi yake itagoma.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, Mkoa uweke alama ya kudumu pale Manza, iwe na maneno ya Kiswahili, ikieleza si habari ya meli tu bali habari ya wapiga mbizi, wapagazi na waunga risasi. Walimu wa shule za Mkinga na za Tanga wawapeleke watoto wakaione, na wazee wenye masimulizi waandikwe kabla hawajatutoka. La pili, doria ya baharini isingojee mlipuko ndipo iamke. Vijiji vyenyewe vipewe vyombo na mawasiliano, na taarifa zao zipokewe kama zilivyo, jema likiitwa jema na bovu likiitwa bovu.

Bahari ya Manza imeyameza mengi, lakini haikuyameza yote. Waliozikausha baruti zile hawakuachiwa nafasi ya kuchagua vita vyao. Sisi tunayo nafasi hiyo, na tutaulizwa tumeitumiaje.