Safari ya Wokovu, Sehemu ya Tatu: Baada ya Kuokoka

Muulize mtu aliyeokoka hapa Kabiro, Kawangware, ni lini alimpokea Bwana, naye atakutajia mwaka, mwezi, pengine hata mhubiri aliyekuwa jukwaani siku hiyo. Muulize amekua vipi tangu hapo, na maneno yanampungukia. Sehemu mbili zilizopita zilihusu toba na ubatizo. Leo tukae na kile kipindi kirefu kinachofuata, ambacho mikutano yetu ya spika haina subira nacho.

Mfano hauko mbali. Toka Kawangware, pita Kangemi, vuka barabara ya Waiyaki, na muda si muda uko Kabete. Huko ndiko uamsho wa Afrika Mashariki ulikobisha hodi nchini Kenya mwaka 1937. Chimbuko lake ni la mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walipokutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakashinda wakisoma Biblia na kuomba. Wasimulizi wengi hulipita haraka jambo moja: wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Kilichowakosesha raha ni kwamba makanisa yalijaa watu waliobatizwa ambao mienendo yao haikuwa na tofauti na ya jana. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifariki Januari 1936 akiwa amebeba ujumbe huohuo kwa kanisa la Uganda: liamke usingizini.

Kwa hivyo uamsho ule ulianza kwa watu waliokuwa ndani. Ndugu, kama walivyoitana, hawakuhama makanisa yao. Walikutana kila wiki katika ushirika, na mtu hakuruhusiwa kuishi kwa ushuhuda wa zamani. Aliulizwa yuko wapi na Bwana leo. Kama amegombana na mkewe, aliseme. Kama ana cha mtu, akirudishe. Hilo waliliita kutembea nuruni. Wapo waliorejesha vifaa walivyoiba kazini, na wapo waliomwendea mmisionari waliyemchukia wakamwambia hivyo usoni. Hapo ndipo ulipoimbwa wimbo wa Tukutendereza, ambao hata sasa huimbwa Kenya nzima na watu wasiojua Kiganda.

Nionavyo mimi, nguvu ya utaratibu ule ilikuwa kwamba ulikuwa unauliza mambo madogo. Fikiria muuza mahindi sokoni ambaye gorogoro lake la kupimia limebonyezwa kitako kuelekea ndani. Kila mteja anapoteza konzi moja, na kwa mwezi konzi hizo zinakuwa gunia. Ameokoka, anafunga, anatoa sadaka. Hakuna mahubiri ya jukwaani yatakayoligusa lile gorogoro, kwa sababu mhubiri halioni. Ndugu anayenunua kwake analiona. Siku muuzaji atakapolitupa, ataanza kupambana na mkono wenyewe, maana mkono uliozoea kupunja hujua kupunja hata kwa kipimo kizima. Huko ndiko kukua: tabia moja inakufa, nyingine iliyojificha nyuma yake inajitokeza. Paulo mwenyewe, akiwa mtu mzima na mfungwa, aliwaandikia Wafilipi kwamba hajafika bado.

Mtihani mkubwa ulikuja na Hali ya Hatari ya mwaka 1952. Wengi wa ndugu wa nchi ya Wagikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao walikataa pia kushika bunduki ya serikali. Wakawa maadui wa pande zote mbili, na wapo waliouawa. Uamuzi wa namna hiyo haupatikani usiku mmoja mbele ya mlango unaogongwa. Ulikuwa umeandaliwa kwa miaka ya kuambiana ukweli kwenye vikao vya watu wachache.

Sisemi walikuwa malaika. Baadaye baadhi ya vikundi vilianza kupima wokovu kwa nywele zilizosukwa na hereni, na maungamo yakageuka kupelelezana. Siku hizi tumeangukia upande wa pili: kukua kunapimwa kwa baraka zinazoonekana, kiwanja, gari, viza. Ukipanda mbegu na usivune, unaambiwa imani yako ni haba. Kati ya makosa hayo mawili, naliogopa zaidi hili la sasa, kwa kuwa linamwacha mwenye gorogoro bovu akisifiwa madhabahuni mradi biashara inanoga.

Lakini mpangaji wa Kabiro ana swali ambalo ndugu wa Kabete hawakuliuliza vya kutosha. Mimi nikishatubu, vipi kuhusu mwenye ploti anayeniuzia maji kwa bei ya kuruka? Papa Fransisko aliligusa tarehe 27 Novemba 2015 alipozuru parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, na kuzungumzia haki ya maji na ardhi. Juma lijalo tutaanzia hapo.