Kijiko Chakavu Chaweza Kumhadaa Kambale

Ikiwa umepata kufika Kingolwira, mashariki ya mji wa Morogoro, huenda umesikia habari za kituo cha serikali kinachozalisha vifaranga vya perege na kambale kwa ajili ya wafugaji. Hao tuwaache mabwawani mwao, wana wenyewe. Leo tunazungumzia samaki wa mto Ngerengere, na namna ya kuwavua bila kuchimba nyungunyungu: kwa chambo cha bandia.

Chambo hicho hakiliwi. Kazi yake ni kung'aa na kutikisika majini hata samaki adhani ameona windo. Mmarekani Julio Buel alipewa hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852. Mwaka 1936 mvuvi maskini wa Finland, Lauri Rapala, alikuwa amekwisha kugundua jambo kubwa: samaki mkubwa huwaacha wazima kundini akamrukia yule anayepepesuka. Akachonga samaki wa bandia kwa kisu cha fundi viatu, akamfunika kwa karatasi ing'aayo ya chokoleti. Wala wavuvi wa pwani yetu hawakuhitaji kufundishwa na Wazungu. Wanaporambaza kutafuta nguru, manyoya meupe au kipande cha kitambaa huwatosha.

Lakini si kila samaki hudanganyika. Perege hula zaidi mwani na vijidudu. Ukimrushia kijiko utapoteza Jumapili yako bure. Kambale ni mwingine. Macho yake ni madogo, naye hutegemea sharubu na harufu, lakini huwinda samaki wadogo na huuhisi mtikisiko wa kijiko kinachopita karibu naye. Mjaribu jioni, maji yakiwa yametulia. Mvua zikinyesha Uluguru, Ngerengere hubeba udongo na kuwa kama chai ya maziwa. Siku hiyo rudia nyungunyungu wako bila aibu. Huko chini, Ngerengere unapoingia mto Ruvu, ndiyo nchi ya samaki mwenye meno kama msumeno ambaye wataalamu walimpa jina la Hydrocynus tanzaniae mwaka 1986. Huyo hupenda sana chambo kinachokimbia, ila hukata mshipi, hivyo hufungwa waya mfupi mbele ya ndoana.

Chambo cha dukani huuzwa ghali, nacho hunasa katika mzizi wa kwanza kikapotea. Afadhali utengeneze mwenyewe. Chukua kijiko cha chuma kilichochakaa, ukate mpini, usugue kingo kwa tupa zisije zikakata mshipi. Toboa tundu dogo kila ncha. Upande mwembamba funga mshipi kwa kipete kinachozunguka, la sivyo mshipi wote utajisokota. Upande mpana tia ndoana moja kwa pete ya waya. Usitie ndoana ya matawi matatu, hasa ukifuatana na watoto. Rusha, acha kizame kidogo, kisha vuta polepole, simama, vuta tena. Kijiko kikivutwa mbio huzunguka tu wala hakipepesuki, na kupepesuka ndiko kunakomkasirisha kambale.

Simama ukingoni, usiingie majini. Penye maji yaliyotuama na konokono pana kichocho, na hakuna kitoweo kinacholingana na ugonjwa huo. Kabla ya kwenda, muulize ofisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni. Na ukiwaona vijana wakitwanga utupa wautie mtoni, wajulishe kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, nayo huua hata vifaranga ambavyo vingekuwa chakula cha mwakani.

Ndoana ikizama kidoleni kupita kinyusi chake, usiivute kwa nguvu kurudi ilikoingilia. Kata mshipi, funika jeraha kwa kitambaa safi, nenda zahanati, na uwaeleze ni lini mara ya mwisho ulipochomwa sindano ya pepopunda.