Boriti, Dele na Kwato za Mbuzi

Ngome ya Al Fahidi iliyoko Dubai, ambayo yasemekana ilijengwa mwaka 1787 kwa mawe ya matumbawe, na ambayo mwaka 1971 ilifunguliwa kuwa makumbusho, ilikuwa na sanamu nyingi za watu nilipoitembelea, lakini kilichonishika miguu ni nyumba ya makuti ya mtende iliyosimamishwa uani, waiitayo arishi, yenye mnara wa kunasa upepo. Nilipoona mikeka na matandiko yake niliona haya kuingia na viatu, kana kwamba mwenye nyumba ametoka kidogo tu kwenda msikitini.

Mtu wa pwani hahitaji mkalimani humo. Chombo cha kahawa wao hukiita dala, nasi dele. Na dari za majumba ya mawe ya Ghuba zilibebwa na boriti za mikoko zilizokatwa Lamu na Rufiji, zikapakiwa katika majahazi yaliyorejea kwa kusi. Na kwa kuwa mti huo haupatikani mrefu, vyumba vya huko, kama vyumba vya Lamu, vilijengwa virefu na vyembamba. Shoka la mkata mikoko wa kwetu ndilo lililopima upana wa sebule ya tajiri wa lulu.

Katika ala za muziki za makumbusho hayo nilikawia zaidi. Palikuwa na tambura, zeze la nyuzi sita, na pamoja nalo manjuri, mkanda wa nguo ulioshonewa kwato za mbuzi mamia kwa mamia, ambao mchezaji huufunga kiunoni, na kila atikisapo nyonga hulia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwetu msewe hufungwa miguuni, lakini sikio halikosi kuutambua udugu wake.

Ngoma ya lewa ndiyo inayonitia simanzi. Ilifikishwa Ghuba na watu waliotoka pwani yetu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa utumwani. Huchezwa kwa duara kwa zumari na msondo, jina ambalo halikubadilika, na nyimbo zake kongwe zingali na maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya waimbaji huyatamka bila ya kujua maana yake. Natamani mzee wa Unguja au wa Lamu aketishwe mkekani pamoja nao, ayasikilize neno kwa neno, awafasirie walichokuwa wakikiimba babu zao.